Watani wa Kufa na Kuzikana: Historia ya Utani Tanzania

Utani ni desturi inayowaruhusu watu wa makundi mawili, yawe koo, makabila au ndugu wa aina fulani, kuchezeana kwa maneno, kwa vitendo na hata kwa mali, bila anayechezewa kukasirika. Katika nchi inayoitwa leo Tanzania Bara, desturi hii imeenea kutoka pwani hadi maziwa makuu, na watu wengi huzaliwa wakiwa tayari na watani wao. Mizaha yake huchekesha, lakini mahali ilipofanya kazi kubwa zaidi ni pale ambapo hapakuwa na la kuchekesha: katika kubeba mizigo kwa miezi, kupita katika nchi ya adui wa jana, kumwonya mkubwa asiyeonyeka, kuosha nyumba ya msiba na kuchimba kaburi. Kwa kizazi baada ya kizazi, utani ulikuwa njia ya kuifanya kazi inayoogopwa na kuishi na mtu asiyelika wala kumezeka.

Kanuni za utani

Utani una sheria, ingawa hakuna aliyeziandika. Sheria ya kwanza ni kwamba mtu hachagui mtani. Mngoni hutaniana na Mhehe, Mchaga na Mpare, Mnyamwezi na Mzaramo, Mhehe na Mgogo, kwa sababu wazee wao walitaniana. Wawili hao wanaweza kukutana leo kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na mara tu wanapojuana makabila yao, mlango wa mzaha huwa umefunguka.

Sheria ya pili ni kwamba utani huenda na kurudi. Anayetania leo atataniwa kesho, na hana haki ya kulalamika. Sheria ya tatu inamhusu anayekasirika: mtani akinuna, yeye ndiye mkosaji, hata kama maneno aliyoambiwa yangeleta ugomvi mkubwa lau yangetoka kinywani mwa mtu mwingine. Sheria ya nne ni wajibu, na hiyo ndiyo inayozibeba nyingine zote. Mtani ana haki ya kukucheka kwa sababu siku ya shida anapaswa kuwa wa kwanza kufika.

Lugha ya watani ina mapokeo yake. Mara nyingi kila upande huwaita wa upande wa pili watumwa wake. Mngoni anayekutana na Mhehe kituo cha basi huweza kumuuliza ni nani aliyemruhusu mtumwa wake kusafiri. Mhehe naye humjibu kwamba ametumwa kumtafuta mtumwa aliyetoroka, na bahati nzuri amempata. Wapare huambiwa na Wachaga kwamba ni wabahili na kwamba wako tayari kuuza kila walicho nacho ili waendeshe kesi. Wachaga huambiwa kwamba mapenzi yao ya kwanza ni fedha. Maneno ni yaleyale miaka nenda miaka rudi, na kuzoeleka kwake ndiko kunakoyatoa makali. Kila mmoja anajua atakachoambiwa, na ana jibu lake tayari.

Kando ya maneno yapo matendo. Mtani aliyepita shambani kwa mtani wake aliweza kuvunja muwa au hindi na kula huku akimwangalia mwenyewe. Aliweza kuchukua kuku, kofia au shuka na kudai akombolewe. Kwa asiyeijua desturi, kitendo hicho kilionekana wizi mchana kweupe. Kwa wenyewe, kilikuwa deni ambalo lingelipwa kwa namna hiyohiyo mwenye kuku atakaposafiri kwenda upande wa pili.

Utani ndani ya ukoo

Utani wa makabila ulikuta utani mwingine wa zamani zaidi, ule wa ndani ya ukoo, na ukajengwa juu ya msingi wake. Katika jamii nyingi za Kibantu za Afrika Mashariki, baba na mtoto hawataniani. Baba ndiye anayeamuru, anayeadhibu na anayegawa mali, hivyo kati yake na mwanawe kuna heshima inayobana ulimi. Babu na bibi wako kando ya mamlaka hayo. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu na kumlalamikia kwamba hamletei nyama. Babu humtangazia mjukuu wake wa kike kwamba mahari imekwisha kulipwa. Ndani ya mchezo huo mjukuu hufundishwa mambo ambayo baba na mama wanaona haya kuyatamka, yakiwemo ya unyumba na ya kuishi na mume au mke.

Mabinamu, yaani watoto wa shangazi na wa mjomba, ni watani wakubwa. Vivyo hivyo mashemeji na mawifi. Mahali hapa utani unafanya kazi inayoonekana wazi. Bibi harusi anapoingia katika nyumba ya mumewe anakuta watu asiowajua, wenye tabia zao, wanaomtazama kila anapoinua mwiko. Wifi anayempokea kwa dhihaka kwamba ugali wake ni uji humpa nafasi ya kujibu, na jibu lake la kwanza huwa mwanzo wa kuzoeana. Dosari ambayo ingesemwa pembeni na kuzaa chuki husemwa hadharani na kuzaa kicheko.

Kwa wakwe mambo ni kinyume. Katika jamii nyingi mwanamume hakupaswa kula mbele ya mama mkwe wake, kumtazama usoni au kupishana naye katika njia nyembamba. Mkwe na shemeji wote ni watu walioletwa na ndoa, na wote wanaweza kuwa chanzo cha ugomvi. Kwa mmoja, ugomvi ulizuiwa kwa umbali na heshima. Kwa mwingine, kwa ukaribu na mzaha. Njia hizi mbili ziliishi pamoja katika kaya moja, na mtoto alifundishwa mapema nani wa kumwinamia na nani wa kumchokoza.

Vita vilivyogeuka mzaha

Wazee wanapoulizwa utani wa makabila ulianzaje, jibu la kwanza mara nyingi ni vita. Mfano unaojulikana sana ni wa Wangoni na Wahehe. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakikimbia misukosuko ya dola ya Wazulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na wakafika Ufipa. Baada ya kifo chake katika miaka ya 1840 waligawanyika, na baadhi yao wakajenga himaya katika nchi ya Songea. Kaskazini mwao, katika nyanda za Iringa, Wahehe walikuwa wakiunganishwa na mtawala wao Munyigumba. Majeshi hayo mawili, yote yenye mikuki mifupi na nidhamu kali, yalipambana kuanzia mwaka 1878, na vita viliendelea hadi mwaka 1882, wakati Mkwawa, mwana wa Munyigumba, alipokuwa ameanza kujijengea jina. Hakuna aliyemmaliza mwenzake. Pande zote mbili zilipoteza watu wengi, zikachoka, zikapatana.

Utani wa leo kati ya makabila hayo mawili bado unapigana vita vile. Kila upande unadai ndio ulioshinda, na kila upande una hadithi ya namna mwenzake alivyokimbia. Jambo ambalo lingeweza kubaki kisasi limewekwa katika maneno yanayoruhusiwa kusemwa kila siku, na kwa kuwa linasemwa kila siku, halina nafasi ya kuoza moyoni. Wahehe na Wagogo nao walikuwa majirani waliovamiana na kunyang'anyana ng'ombe kabla hawajawa watani.

Utawala wa Wajerumani uliongeza sababu nyingine. Kufikia mwisho wa karne ya 19, watu waliokuwa maadui walijikuta chini ya serikali moja, wakitozwa kodi moja na kupelekwa katika kazi zilezile. Kambi ya vibarua iliwakutanisha wajukuu wa watu waliochomeana vijiji. Walihitaji namna ya kulala katika banda moja bila kukumbushana damu, na utani uliwapa namna ya kukumbushana bila kumwaga damu nyingine.

Njia ya wapagazi

Jibu la pili la wazee ni safari. Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ya kati ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, zaidi ya kilomita 800, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Bidhaa zote zilibebwa na binadamu, kwa kuwa ndorobo waliua wanyama wa mizigo. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 30, pamoja na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kwenda bara alibeba majora ya merikani, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani alibeba pembe za ndovu begani. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi miwili hadi mitatu.

Wapagazi mashuhuri kuliko wote walikuwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Kijana wa Unyamwezi ambaye hakuwahi kwenda pwani alionekana bado mtoto. Wengi waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi mvua za kupanda zilipokaribia. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, akiongoza nyimbo ambazo wenzake walizipokea. Nyimbo hizo zilimtania mnyampara, zikamsema tajiri mwenye mali kwa ubahili wa posho, zikamcheka mpagazi aliyechelewa na mzigo wake. Mpagazi ambaye asingethubutu kumwambia bwana wa msafara kwamba chakula hakitoshi aliweza kumwimbia, naye bwana akasikia bila kumjua wa kumwadhibu.

Njiani palikuwa na mahali pa kutisha. Kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na pori la Marenga Makali lenye uhaba wa maji, na baada ya Ugogo pori la Mgunda Mkali, ambako msafara ulitembea kwa siku kadhaa bila kukuta kijiji cha kununua chakula. Katika Ugogo kila mtemi alidai hongo kabla ya kuruhusu watu wachote maji au waendelee. Mazungumzo ya hongo yaliweza kuchukua siku nyingi, na neno moja baya liliweza kuleta vita.

Katika mazingira hayo utani ulikuwa na faida isiyopungua ile ya bunduki. Msafara wa Wanyamwezi ulipoingia Uzaramo, karibu na pwani, ulikuwa mikononi mwa watu wa nchi ile: wao walikuwa na chakula, maji, vivuko na nyumba. Mzaramo aliyekuwa na mtani wake Mnyamwezi alimpokea kwa matusi ya kirafiki, akamcheka kwa vumbi lake na miguu yake iliyopasuka, kisha akampa mahali pa kulala. Mnyamwezi alimwambia mwenyeji wake kwamba watu wa pwani ni wavivu waliojaliwa nazi na ngoma, kisha akala chakula chake. Mwaka uliofuata aliyehitaji msaada huko bara alikuwa Mzaramo, naye aliupata kwa njia ileile. Mtani aliyeugua njiani aliuguzwa, na aliyekufa mbali na kwao alizikwa na watani wake, jambo zito mno kwa watu walioogopa kuachwa porini bila kaburi.

Biashara hii ya miguu ilikoma haraka. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ilipotea, lakini jozi za watani zilizofungamana katika njia ile zilibaki. Ndiyo maana hadi leo Mzaramo wa Kisarawe anaweza kumdai mzigo Mnyamwezi wa Urambo, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kubeba pembe ya ndovu.

Kazi ya msiba

Mahali ambapo utani ulionyesha uzito wake wote ni msibani. Wafiwa wamekatika maini. Hawana nguvu ya kuamua wala ya kushika jembe. Ndugu wa karibu wanaogopa maiti, wanaogopa lawama, na pengine wanatazamana kwa shaka juu ya chanzo cha kifo. Mtani hana mzigo huo. Si mrithi, si mtuhumiwa, na mdomo wake una ruhusa. Kwa hiyo kazi ambazo wengine wanazikimbia huwa zake: kupeleka habari za kifo, kuchimba kaburi, kupokea michango, kupika, kuteka maji, kufagia na kulifunga tanga.

Shughuli yenyewe hufuata utaratibu unaojulikana. Wakati waombolezaji wamekaa kimya, mtani huingia uani akiwa amevaa koti au kofia ya marehemu, akitembea kwa mwendo wake, akikohoa kama yeye na kukemea watoto kwa maneno aliyozoea kuyasema. Mjane anayetazama hulia na kucheka kwa wakati mmoja. Kaburini, mtani hujitupa ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe, akalala chali na kutangaza kwamba nyumba hii ni yake na maiti atafute nyingine. Hatoki mpaka alipwe. Ndugu hutoa sarafu, yeye huzikataa kwamba ni chache kwa mtu mzito kama marehemu. Huongezewa, naye hupanda juu huku akihesabu. Jeneza likiwa njiani, watani wengine huweza kukaa katikati ya barabara na kudai ushuru. Fedha zinazopatikana ni kidogo, na mara nyingi hurudi nyumbani kwa wafiwa katika umbo la sukari na unga.

Mtani humsema marehemu pia. Kama alikuwa mkali, atasema sasa kuku watapumua. Kama alikuwa na madeni, atawaita wadai wajitokeze wamfuate. Maneno hayo yakitoka kwa mwingine ni dharau kwa maiti. Yakitoka kwa mtani, yanamrudishia marehemu sura yake ya kweli, pamoja na kasoro ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyethubutu kuzitaja. Wafiwa hupata nafasi ya kumkumbuka mtu waliyeishi naye.

Miongoni mwa Waluguru, Wakaguru na Wagogo, utani huunganisha pia koo na koo ndani ya kabila moja, na watani wa ukoo hushika nafasi katika shughuli za mazishi na za utakaso. Ukoo hauwezi kujitakasa wenyewe. Unahitaji mtu wa nje aliye karibu. Mtani ana sifa zote mbili.

Kumwonya asiyeonyeka

Kazi nyingine ya mtani ilikuwa kusema na watu wagumu. Mzee mlevi, mume mpigaji, mtu mchoyo au mkubwa aliyejaa kiburi hakuweza kuonywa kirahisi na mkewe, wanawe au watu wake. Mtani alitumwa, au alijituma. Alimwendea mchana, akamsema kwa mzaha mbele ya kadamnasi. Mlengwa alikuwa na njia mbili tu: kucheka na kujirekebisha, au kukasirika na kuonekana hana adabu. Kwa kuwa sheria ya utani inamkataza kukasirika, ujumbe ulifika.

Utani ulitumika pia kuvunja ugomvi. Ndugu wawili wasiosemezana kwa sababu ya shamba waliweza kukuta mtani amekaa katikati ya mpaka wanaougombania, akidai kwamba ameurithi. Ugomvi wenyewe haukuisha hapo, lakini ukimya ulivunjika, na wazee walipata pa kuanzia. Uwezo huu ulitokana na mtani kutokuwa na maslahi. Mtu aliyefaidika na kesi hakuweza kuichekesha.

Mashamba ya mkonge na miji

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ilifika hai, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mkonge duniani. Wafanyakazi walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba. Walikuwepo Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wabena, Wangoni, na wengine kutoka Msumbiji na Ruanda-Urundi. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi, cha siku 30: siku ambayo mtu hakumaliza kiasi alichopangiwa haikuwekwa alama, na siku isiyowekwa alama haikulipwa. Majani ya mkonge yana miiba, jua la Tanga ni kali, na nyumbani ni mbali.

Katika kambi za manamba utani ulifanya kazi uliyoifanya kwenye misafara. Mgeni aliyefika bila ndugu aliwatafuta kwanza watu wa kabila lake; asipowapata, aliwatafuta watani wake. Walimpokea kwa kumtukana, wakamwonyesha namna ya kukata na kufunga majani, na akifa walimzika.

Dar es Salaam ilikua kwa watu wa namna hiyohiyo. Mtaa wake mashuhuri, Kariakoo, umepata jina kutokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikosi ambacho maelfu ya watu wake walikufa kwa maradhi na uchovu. Katika miaka ya 1950, J. A. K. Leslie alipofanya uchunguzi juu ya maisha ya wakazi wa mji huo, uliochapishwa mwaka 1963, aliuona utani kuwa miongoni mwa mambo yaliyomsaidia mgeni kuishi mjini, hasa katika maziko. Mji ulikuwa wa Wazaramo, na wageni kutoka bara ambao Wazaramo ni watani wao walikuwa na mtu wa kumgongea mlango.

Walioandika juu ya utani

Mmoja wa watu wa kwanza kuuandika utani kwa undani alikuwa mtaalamu wa ndege. Reginald Moreau alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, kuanzia mwaka 1928. Kituo hicho kilikuwa na wafanyakazi wa makabila mengi, na Moreau, aliyezoea kuandika kila alichokiona kwa ndege, aliwauliza nani hutaniana na nani na kwa nini. Makala yake ya mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records ilionyesha jinsi jozi za watani zilivyotapakaa nchi nzima, na maelezo aliyoyakusanya yalitaja vita vya zamani na safari za biashara.

Wakati huohuo mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alichapisha mwaka 1940 makala iliyojaribu kueleza desturi za aina hii popote duniani. Hoja yake ilikuwa kwamba watani ni watu waliounganishwa na kutenganishwa kwa wakati mmoja, kama vile watu wa pande mbili za ndoa, na kwamba uadui wa mchezo huzuia uadui wa kweli. Katika miaka ya 1960 James Christensen aliandika juu ya Waluguru, T. O. Beidelman juu ya Wakaguru na Peter Rigby juu ya Wagogo. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisimamia ukusanyaji wa habari za utani uliofanywa na wanafunzi kutoka makabila yao wenyewe, na kazi hiyo ikawa hazina kubwa ya maelezo yaliyotolewa na watani kwa midomo yao.

Maandishi hayo yanaonyesha pia kwamba Tanzania haiko peke yake. Nchini Zambia, Wabemba na Wangoni, waliopigana katika karne ya 19, ni watani. Nchini Mali, mapokeo ya Wamandinka yanaihusisha desturi kama hii na Sunjata Keita, mwanzilishi wa dola ya Mali katika karne ya 13. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utani wa Niger katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Utani baada ya Uhuru

Baada ya mwaka 1961 serikali ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilifanya juhudi kubwa kupunguza nguvu ya ukabila. Lugha ya Kiswahili ilitumika kila mahali, watumishi walihamishwa kutoka mkoa hadi mkoa, na vijana walichanganywa katika shule za bweni na katika Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963. Utani haukupingana na juhudi hizo. Uliwapa watu namna salama ya kutaja makabila yao: mwanafunzi Mpare aliyelala kitanda cha chini na Mchaga aliyelala cha juu waliweza kutaja asili zao kila usiku bila jambo hilo kuwa siasa.

Mpira wa miguu uliupa utani uwanja mpya. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na klabu ambayo tangu mwaka 1971 inaitwa Simba ilianzishwa mwaka 1936, zote zikiwa na mizizi Kariakoo. Magazeti na redio huziita watani wa jadi. Shabiki wa timu iliyofungwa anajua kwamba kesho yake kazini atakuta salamu za pole zisizo na pole ndani yake, na anajua kwamba anapaswa kuzipokea. Mwenzake huyohuyo ndiye atakayemshika mkono akifiwa.

Hatari ipo pale sheria ya nne inaposahaulika. Katika simu na mitandao, maneno ya watani huchukuliwa na watu wasio watani, yakatumwa kwa maelfu wasiojuana, na hakuna kati yao aliye tayari kuchimba kaburi la yeyote. Waswahili husema mzaha mzaha hutumbua usaha. Dhihaka juu ya kabila la mtu, ikitoka kwa asiye na wajibu wowote kwake, ni tusi kama matusi mengine, na kuiita utani hakuibadilishi. Mijini pia kampuni za mazishi na vikundi vya kufa na kuzikana vimechukua kazi nyingi zilizokuwa za watani, na vijana wengi wanayajua majina ya watani wao bila kujua wanachodaiwa.

Hata hivyo desturi haijafa. Katika misiba ya mijini na vijijini bado watani hujitokeza, huzuia jeneza, hudai chao na kisha hubaki kuosha vyombo wengine wakiwa wameondoka. Anayetaka kuurithisha utani kwa watoto wake awafundishe mambo yote mawili kwa pamoja, kucheka na kubeba, kwa sababu wazee walioujenga walimpa haki ya kuwacheka yule tu aliyekuwa tayari kuwazika.